Albamu Nzima kwa Kikao Kimoja

Abiria wa taksi za Kampala kwenda Masaka wanalijua jambo hili. Kondakta ameshakusanya nauli, dereva anaweka wimbo wa Paul Kafeero, na kwa dakika nyingi hakuna anayetaka ubadilishwe. Kafeero, aliyefariki mwaka 2007, alikuwa bingwa wa kadongo kamu, muziki wa Buganda wa gitaa na masimulizi, wenye wahusika, mikasa, mizaha na majuto. Wimbo wake Walumbe Zaaya, unaohusu kifo, si wa kukatwa katikati. Dereva akiuruka, manung'uniko yatamfikia kutoka viti vya nyuma.

Inashangaza basi kwamba watu hao hao, wakitajiwa roki ndefu ya Kizungu, ile ya albamu nzima kusimulia kisa kimoja, hujibu kwamba haiwaingii, inachosha, haina kichwa wala miguu. Subira wanayo tele. Wanachokosa ni mahali pa kuanzia, na kwa mtu anayeishi Kampala mahali hapo si London wala New York. Ni albamu ya Mganda.

Roki ya progresivu ilistawi Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, enzi ambayo upande mmoja wa santuri ulibeba dakika ishirini na kitu. Bendi kama Genesis, Yes na Pink Floyd hazikutaka kuukata upande huo vipande vya dakika tatu tatu vya kupigwa redioni. Wimbo Close to the Edge wa Yes, wa mwaka 1972, unameza upande mzima. Mdundo hubadilika njiani, mwimbaji hunyamaza muda mrefu kupisha kinanda au gitaa, na tuni iliyosikika mwanzoni hurudi baadaye kwa kasi nyingine na ala nyingine. Nyimbo zote za albamu zikitungwa kuzunguka mtu mmoja au jambo moja, hiyo ndiyo albamu ya kisa kimoja. Katika ukoo huo wamo wapenda kelele na wamo wapenda tuni za kuimbika. Makala haya yanawahusu hawa wa pili.

Mganda wa albamu hiyo ya kuanzia, Geoffrey Oryema, alizaliwa Soroti mwaka 1953. Baba yake, Erinayo Oryema, alikuwa mkuu wa polisi wa Uganda, kisha akawa waziri katika serikali ya Idi Amin. Ni baba huyo aliyemfundisha kupiga nanga, ala ya nyuzi saba ya Waacholi. Februari 1977 mzee huyo aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake, Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari, maelezo ambayo hayakumdanganya mtu. Geoffrey, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa maigizo jijini Kampala, alivushwa mpaka na kuingizwa Kenya akiwa amefichwa ndani ya buti la gari. Kutoka huko akaishia Ufaransa. Mwaka 1990 ikatoka albamu yake ya Exile, yenye nyimbo kumi.

Kampuni iliyoitoa ni Real World, aliyoiasisi Peter Gabriel mwaka mmoja kabla. Prodyuza alikuwa Brian Eno, ambaye pia alipiga vinanda, na Gabriel mwenyewe akaingia kuitikia. Majina hayo mawili yanafaa kukumbukwa, kwa sababu yalishakutana zamani. Mwaka 1974 Gabriel alikuwa mwimbaji wa Genesis, na bendi hiyo ikatoa The Lamb Lies Down on Broadway, santuri mbili zinazosimulia mkasa wa Rael, kijana wa asili ya Puerto Rico katika jiji la New York. Miongoni mwa waliotajwa kwenye jalada lake yumo Eno, aliyezipitisha baadhi ya sauti za uimbaji kwenye mitambo yake. Kwa hiyo watu wale wale wawili wamo katika kisa cha kijana anayepotea ndani ya jiji lake na katika kisa cha kijana aliyelazimika kulikimbia lake. Maduka huiweka Exile kwenye rafu ya muziki wa Afrika, na hayajakosea. Lakini ukuta baina ya rafu hiyo na ile ya Genesis ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza ni kuipata albamu ikiwa kamili na kwa mpangilio wake. Kampala ni jiji la kusikiliza vipande: DJ wa redio huanza kusema kabla wimbo haujaisha, na simu huleta nyimbo kwa kuzirukia. Baadhi ya programu za muziki zisizolipiwa huzichanganya nyimbo kwa kubahatisha, na kwa albamu ya kisa kimoja hiyo ni hasara tupu, maana mazishi yanaweza kutangulia harusi. Mchanganyo huo uzimwe. Kuna mpangilio mwingine katika simu nyingi unaopandisha mwanzo wa wimbo juu ya mwisho wa ule uliotangulia, kama DJ afanyavyo kwenye karamu. Nao uzimwe, kwa sababu kimya baina ya nyimbo mbili kimepimwa na aliyetunga. Mwenye uwezo anunue albamu au aipakue mapema, wakati bando ni nafuu au mahali penye Wi-Fi, ili tangazo la sabuni lisije likamkuta Oryema katikati ya maombolezo. Simu ichajiwe mchana. Umeme ukikatika usiku, isiwe sababu.

Saa nayo ina maana. Kabalagala au Wandegeya, hakuna kimya cha kweli kabla ya usiku wa manane, na Jumapili asubuhi spika za makanisa zina haki yake. Wengi wanaofaulu ni wale wanaoamka saa kumi na moja alfajiri, kabla boda boda hazijaanza kunguruma. Wengine hungoja alasiri ya Jumapili, nyumba ikiwa imetulia. Mvua ikianza kupiga mabati, afadhali kuahirisha, kwa sababu nanga haiwezi kushindana na mabati ya Kampala mwezi wa Aprili.

Kuhusu vifaa, hakuna haja ya kuuza mbuzi. Spika ya simu haifai, kwa kuwa haina besi hata kidogo. Spika nyingi ndogo za bluetooth huunganisha sauti ya kushoto na ya kulia zikawa kitu kimoja, ilhali katika muziki wa aina hii prodyuza amezipanga ala upande huu na upande ule kwa makusudi. Hedifoni za waya za bei ya kawaida kutoka maduka ya Kampala Road zinatosha, mradi zote mbili ziwe masikioni. Tabia ya kuning'iniza moja huku nyingine ikilala kifuani ibaki kwenye boda. Kabla ya kununua, mnunuzi aombe kuzijaribu kwa wimbo wa gitaa anaoujua vizuri, wa Kafeero kwa mfano. Akisikia kidole kikigusa uzi, amepata. Akisikia mvumo wa besi tu, azirudishe rafuni.

Mara ya kwanza, albamu isikilizwe bila kitu mkononi. Hakuna ujumbe wa kujibu, hakuna maneno ya nyimbo ya kufuatilia kwenye skrini, hakuna vyombo vya kuosha. Exile haifiki saa moja, muda mfupi kuliko filamu yoyote inayotazamwa kwenye vibanda vya video vya mitaani. Kazi ya msikilizaji mara hii ni moja: ajue moyo unapanda wapi na unashuka wapi. Wimbo wa kwanza, Piny Runa Woko, umejengwa juu ya nanga na sauti ya mtu. Unaofuata ni Land of Anaka, unaoitaja Anaka, kwao na mababu zake huko Acholi, na hapo vinanda vya Eno vinaanza kujitandaza chini ya sauti, polepole, bila kubisha hodi. Hatua ile kutoka wimbo wa kwanza kwenda wa pili ndiyo somo la kwanza la albamu nzima. Mtu ameanza akiwa na ala ya baba yake peke yake. Ghafla nchi aliyoiacha inatokea nyuma yake, kubwa, lakini ya mbali. Anayeusikiliza Land of Anaka peke yake, kama wimbo wa orodha, atapata wimbo mzuri wa kukumbuka kwao. Hatapata tukio hilo.

Asiyeelewa Kiacholi asihofu. Majina mengi ya nyimbo ni ya Kiacholi, na mwimbaji anajua kuumba huzuni na hasira kwa koo kabla ya maneno.

Mara ya pili ni ya kufuata ala moja tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa Mganda ana mtaji ambao msikilizaji wa London hana, nao ni amadinda. Zilofoni hiyo ya Buganda ina vibao 12 na hupigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, huanzisha mfululizo wake. Wa pili, omwawuzi, anayekaa akimtazama, huchomeka mapigo yake katikati ya mapigo ya mwenzake. Wa tatu, omukoonezi, hushughulikia vibao viwili tu vya juu kabisa, akiokota sauti zilizomo ndani ya mchanganyiko huo na kuzirudia kwa juu. Anayesikiliza husikia tuni ambazo hakuna hata mmoja wa watatu hao anayezipiga kwa mikono yake. Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alijifunza jambo hili Kampala kwa Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka, na mwaka 1960 akachapisha maelezo ambayo wanamuziki wa dunia bado wanayasoma.

Sikio lililozoea amadinda halihitaji kufundishwa tabaka za roki ya progresivu. Katika Genesis, gitaa la nyuzi 12 na kinanda mara nyingi husukwa mpaka msikilizaji hajui nani kapiga nini, na tuni anayoondoka nayo kichwani huenda haikupigwa na yeyote peke yake. Katika Exile mambo ni mapana zaidi, kuna nafasi ya kupumua, lakini mbinu ya kusikiliza ni ile ile. Achague nanga na asiiache. Ikipotea, aulize imekwenda wapi: imenyamaza, au imefunikwa? Halafu arudie kwa lukeme, ile ala ya vidole yenye ndimi za chuma, kisha kwa vinanda vya Eno, na mwishowe aitafute sauti ya Gabriel kwenye viitikio. Asiyewahi kuiona nanga kwa macho ana Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kamwokya, lenye mkusanyiko mkubwa wa ala za asili. Katika Ndere Centre, Ntinda, ala hizo hupigwa jukwaani, na nusu saa ya kukaa karibu na mpigaji husaidia kuliko maelezo ya kurasa kumi.

Daftari lianze kazi hapa. Si la kuandika maoni marefu. Dakika na sekunde, na maneno mawili matatu: "nanga imerudi", "besi inaingia", "anaimba chini kuliko mwanzo". Penseli inamlazimisha mtu kusikia badala ya kudhani amesikia. Wapo watakaocheka kwamba muziki umegeuzwa mtihani. Wacheke; wao wenyewe hukariri takwimu za ligi ya Uingereza tangu Agosti mpaka Mei.

Maneno yaje mara ya tatu, yasije mapema zaidi. Kampala haina upungufu wa wasemaji wa Kiacholi: wapo kazini, chuoni, nyumba ya pili. Mtu wa Lango atashika karibu yote, na Mjaluo wa Kisumu atashika kiasi. Kumkaribisha jirani chai na kumwomba afasiri nyimbo mbili ni bora kuliko tafsiri ya mashine, kwa sababu jirani atasema pia ni maneno gani ya methali, yapi ya msibani, na yapi yalisemwa na bibi yake. Lubanga, jina la wimbo wa tisa, ni Mungu. Wimbo wa kumi ndio unaobeba jina la albamu. Mpangilio huo una hoja. Aliyeyatunga hayo alimwita Mungu kwanza, kisha ndipo akalitaja lililompata. Anayezipanga nyimbo hizo kwa kuzipenda, hii juu ile chini, anaiua hoja hiyo.

Akishafika hapo, msikilizaji yuko tayari kwenda mbali. Hatua ya katikati ipo, nayo inapitia Zanzibar. Farrokh Bulsara alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akahamia Uingereza na familia yake mwaka wa Mapinduzi, 1964, akaja kuitwa Freddie Mercury. Wengi wanamjua kwa nyimbo za viwanja vya mpira. Wachache wamekaa na Queen II, albamu ya bendi yake Queen ya mwaka 1974, ambayo pande zake mbili hazikuitwa A na B bali Mweupe na Mweusi. Upande Mweupe ni wa mwenzake katika bendi, Brian May, isipokuwa wimbo mmoja wa mwenzao Roger Taylor. Mweusi wote ni wa Mercury, na nyimbo zake zinashikana mikono hata mtu hajui moja imeisha wapi. Hapa masikio mawili yana kazi kweli, kwa sababu sauti za kwaya zinaruka kutoka kushoto kwenda kulia. Mmoja wa nyimbo hizo, The Fairy Feller's Master-Stroke, unatokana na mchoro wa Richard Dadd ulioko London, uliojaa viumbe vidogo vidogo. Picha yake inapatikana kwenye simu. Itazamwe kwanza kwa dakika tano, ndipo wimbo upigwe. Haufiki dakika tatu, na kila kiumbe kina sauti yake.

Pink Floyd nao wana darasa lao, The Dark Side of the Moon ya 1973. Inaanza na mapigo ya moyo na kuisha nayo. Ndani yake mambo mawili yafuatiliwe. Tuni ya Breathe inarudi mwishoni mwa Time, fupi na imechoka, na anayeigundua mwenyewe hataisahau. Na Money inakwenda kwa mapigo saba: ahesabu kwa vidole moja hadi saba, aone jinsi hesabu ya nne nne iliyozoeleka kwenye dansi inavyomwangusha, kisha asikie gitaa linapoingia kwa solo na mdundo ukageuka kuwa wa nne.

The Lamb iwe ya mwisho. Ina zaidi ya saa moja na nusu, na ukweli usemwe: nusu yake ya pili inalegea mahali mahali, mashabiki wa kufa na kuzikana wakubali wasikubali. Isimezwe kwa siku moja. Upande mmoja wa santuri kila jioni, jioni nne, na hadithi iliyochapwa kwenye jalada isomwe baada ya kusikiliza upande husika. Sikio liwekwe kwenye tuni ya wimbo wa kwanza, kwa sababu kuelekea mwisho inarudi katika The Light Dies Down on Broadway, Rael akiwa amelazimika kuchagua. Msikilizaji aliyeijua Exile atamtambua Gabriel kwa sauti na Eno kwa ukungu anaoupenda, na jambo moja litamgonga: Rael ametungwa kwa ufundi mkubwa, lakini Oryema hakutunga buti la gari.

Kusikiliza kwa kikundi kunawezekana, tena kunapendeza, watu wanne au watano wakikubaliana sharti moja tu, kwamba hakuna kuongea mpaka wimbo wa mwisho uishe. Maswali yabaki kwenye daftari. Baada ya hapo kila mtu ataje sehemu moja tu iliyomshika, kwa dakika na sekunde, na wote wairudie pamoja. Kikundi kitakachopata jozi ya spika mbili za kweli kiziweke mbalimbali, kimo cha masikio ya aliyeketi, si juu ya kabati. Sauti isipandishwe kupita mazungumzo ya kawaida. Sauti kubwa huficha makosa ya spika na huficha nanga pia.

Wanaotaka kuendelea kwa njia ya nyumbani wamtafute Ayub Ogada wa Kenya na albamu yake En Mana Kuoyo, iliyotolewa na Real World hiyo hiyo mwaka 1993. Haina kisa kimoja, lakini nyatiti, ala yake ya nyuzi, inalifundisha sikio subira ile ile. Oryema alitoa albamu nyingine baada ya Exile, ikiwemo Beat the Border ya 1993, na mwishoni mwa 2016 akarudi kupiga muziki Kampala baada ya karibu miaka 40. Alifariki Ufaransa tarehe 22 Juni 2018.

Anayetafuta siku ya kuanza anayo kwenye kalenda. Tarehe 16 Februari ni sikukuu ya kitaifa ya kumkumbuka Janani Luwum, ofisi zimefungwa na foleni ya Jinja Road imepungua. Baba yake Oryema aliuawa pamoja na askofu huyo. Pakua albamu usiku wa kuamkia siku hiyo, zima mchanganyo wa nyimbo, mwalike jirani anayesema Kiacholi, na anza na Piny Runa Woko.